Nataka kunyanyua vyuma, mwalimu wa jimu ananirudisha kwenye arobiki

Swali

Shikamoo. Nina miaka 31, uzito wangu kilo 65, mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili niliyemzaa kwa njia ya kawaida. Nilihamia Dodoma kikazi. Naishi Ilazo na ofisi iko Mtumba. Nimejiunga na jimu ya mtaani. Jioni tunakuwa watu kama thelathini, wanawake watatu tu, na sote tunapangiwa arobiki. Nilipomwomba mwalimu anifundishe vyuma alinipa dambeli za kilo mbili, akasema hizo ndizo saizi yangu, nikizidisha nitatoka kifua cha kiume. Nikisogea kwenye benchi kuna kaka mmoja huja kunishika kiuno, eti ananirekebisha, na wenzake wanacheka. Shangazi naye anasema kizazi kitashuka. Nianzie wapi, na hawa watu niwafanyeje?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hizo dambeli. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe, na maji yakikatika hapa mjini mwanamke huitoa bombani kwa jirani, akaitwika na kupanda nayo ngazi. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 11 au 12, nawe unambeba kwa mkono mmoja huku mwingine unafungua kufuli. Mwili wa namna hiyo hauoni chochote kwenye kilo mbili. Msuli huongezeka nguvu pale unapodaiwa kidogo zaidi ya ulichozoea. Ukidaiwa pungufu ya unachofanya nyumbani kila siku, hauna sababu ya kubadilika. Ombi lako lilikuwa sahihi. Mwalimu amekosea, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Na kifua cha kiume? Misuli mikubwa ya mwanaume inategemea homoni ya testosteroni, na mwanaume mzima anayo katika damu mara kumi au zaidi ya mwanamke. Ndiyo maana kijana akishika chuma miezi michache mabega yanajaa, nawe miezi hiyo hiyo utaona tu suruali inalegea kiunoni na mikono imekaza. Isitoshe, wiki sita hadi nane za mwanzo nguvu hupanda upesi kuliko msuli unavyokua, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo siku zote. Matiti ni mafuta na tezi; msuli wa kifua uko nyuma yake, na ukikua hauyageuzi kuwa kitu kingine. Wanawake unaowaona kwenye picha mishipa imetokeza wamefanya kazi hiyo miaka mingi kwa chakula cha kupimwa, na baadhi yao kwa dawa za homoni. Hapo niseme wazi: akitokea mtu jimu anauza vidonge au sindano za kukata mwili haraka, mkatalie. Dawa hizo huweza kuishusha sauti ya mwanamke ikawa nzito, na ikishashuka huenda isirudi hata ukiziacha.

Shangazi asipuuzwe, maana hasemi kutoka hewani. Kizazi hushuka kweli kwa baadhi ya wanawake. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Uzazi wa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, umri baada ya hedhi kukoma, kikohozi kisichoisha na kujikamua chooni kila siku huilegeza. Kwa mtu ambaye misuli hiyo imeshalegea, kunyanyua mzigo mzito huku amebana pumzi na kusukuma kuelekea chini kunaweza kumzidishia tatizo. Sasa jiulize mambo matatu. Je, unahisi kitu kinashuka au uvimbe ukeni? Je, kuna uzito sehemu za chini unaozidi ikifika jioni? Je, mkojo hukutoka ukikohoa, ukicheka au ukimnyanyua mtoto? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, nenda kwanza kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, hospitali ya Benjamin Mkapa au ile ya rufaa ya mkoa, na umuulize pia kuhusu mtaalamu wa viungo. Jibu likiwa hapana kwa yote, miaka miwili baada ya kujifungua ni muda wa kutosha, unaweza kuanza.

Anza na machela yenyewe. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, hesabu tano mpaka nane, legeza kabisa, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata ukiwa kwenye daladala ya Mtumba. Kulegeza ni muhimu sawa na kukaza. Halafu katika kila zoezi la uzito, vuta pumzi wakati wa kushuka, toa pumzi wakati wa kazi ngumu, yaani unapopanda au kusukuma. Zoea hili kabla ya kufikiria kilo. Ukishalizoea, mweleze na shangazi unavyofanya. Huenda akalihitaji kuliko wewe.

Sasa mpango. Nunua daftari dogo la kurasa 40. Nalisema kwa uzito wote: daftari hilo litakufaa kuliko glavu, mkanda au unga wowote wa protini wa dukani. Mtu anayeingia jimu bila kujua leo anafanya nini hupokea kila ushauri unaopita, na wewe ushauri utakufuata sana. Anayejua kwamba leo ana seti tatu (yaani mizunguko mitatu yenye pumziko kati yake) za dambeli ya kilo 10, marudio tisa kwa sababu juzi yalikuwa nane, ni vigumu kumhamisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwako napendekeza tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 45 hadi 60. Arobiki usiifute, inafaa moyo, ihamishie Jumamosi. Kuna siku A na siku B, unazibadilishana.

Siku A: kuchuchumaa na dambeli moja umeikumbatia kifuani, seti 3 za marudio 8 hadi 10, anza na kilo 8 au 10. Pushapu mikono ikiwa juu ya benchi, seti 3 za 6 hadi 8. Kuvuta dambeli ubavuni, mkono mmoja umeegemea benchi, seti 3 za 10 kila upande, kilo 6 hadi 8. Mwisho kujikaza kama ubao kwa viwiko na vidole vya miguu, mara 3, sekunde 20 hadi 30.

Siku B: kuinama kwa nyonga na dambeli mbili, seti 3 za 8 hadi 10, kilo 8 kila mkono. Kusukuma dambeli juu ya kichwa, seti 3 za 8, kilo 4 au 5 kila mkono. Kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa na uzito juu ya kinena, seti 3 za 12. Weka taulo, maana chuma kinachubua. Halafu kubeba dambeli mbili za kilo 10 na kutembea mita 20, mara 3, mabega yametulia, bila kuyumba.

Kati ya seti na seti pumzika dakika mbili kwa saa ya simu. Wengi wanaoanza hukosea hapa. Wanapumzika nusu dakika, wanahema, jasho linawatoka, wanaona wamefanya kazi kubwa, kumbe uzito hauwezi kupanda kwa sababu misuli haijapata nafasi. Kila seti imalizike ukiwa bado una uwezo wa marudio mawili au matatu mazuri. Ukifikisha marudio ya juu kabisa kwenye seti zote tatu, siku mbili mfululizo, ndipo unaongeza: kilo 2 hadi 2.5 kwa mazoezi ya miguu na nyonga, kilo 1 au chini yake kwa mikono.

Zoezi la kuinama kwa nyonga ndilo linaloumiza migongo ya watu, kwa hiyo nitalieleza pole pole. Simama umeupa ukuta mgongo, visigino viko shubiri moja kutoka ukutani. Legeza magoti kidogo, kisha yabaki hapo hapo. Peleka makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, kifua kikiinama kwa sababu makalio yameondoka, wala siyo kwa sababu umekunja mgongo. Sogea mbele nusu shubiri, rudia. Utafika mahali makalio yanagusa ukuta kwa shida na nyuma ya mapaja panavuta kama kamba. Hapo ndipo zoezi lilipo. Huku si kuinama kwa mtu anayefagia uwanja na fagio la chelewa, ambako mgongo hupinda kama upinde na magoti yamekakamaa. Ukishika dambeli zitelezeshe karibu na mapaja, zishuke mpaka chini kidogo ya magoti, basi, usitafute sakafu. Zikikaa mbali na miguu, hata kwa urefu wa kiganja, mzigo wote unahamia kiunoni. Kesho yake ukihisi nyuma ya mapaja pamekaza, umefanya vizuri. Ukihisi kiuno, punguza uzito urudi ukutani.

Kuchuchumaa ni rahisi zaidi kwako kuliko kwa watu wengi, kwa sababu umetumia choo cha kuchuchumaa maisha yako yote. Kinachoharibika ni visigino kunyanyuka na magoti kuangukiana. Panua miguu kidogo zaidi ya mabega, vidole vielekee nje kidogo, magoti yafuate vidole. Visigino vikiendelea kunyanyuka, weka kipande cha ubao cha sentimita mbili chini yake huku ukiendelea kunyoosha vifundo vya miguu.

Jimu nyingi za mtaani zina kasoro mbili ambazo mwanamke anayeanza ndiye anazilipia zaidi. Ya kwanza, uzito haujulikani. Vyuma vimechomelewa na fundi, vingine ni makopo ya saruji, na namba iliyoandikwa kwa rangi ni makadirio. Panda mizani ya bafuni ukiwa umeshika chuma, kisha bila chuma, toa, andika kwenye daftari. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 na cha wanawake kilo 15, lakini cha fundi kinaweza kuwa chochote. Ya pili, hatua ni kubwa mno: kuna dambeli ya kilo 5, inayofuata ni 10. Kaka wa kilo 85 anairuka hatua hiyo bila kuiona. Kwako wewe kwenye kusukuma juu ya kichwa, huko ni kuongeza mzigo maradufu kwa siku moja. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, zijaze mchanga mkavu. Kila moja inafika karibu gramu 800. Zifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, moja kwenye kila dambeli, katikati kabisa ya uzito ili isininginie upande. Anza na chupa nusu, kisha nzima. Watu watacheka siku ya kwanza. Mwezi wa pili wataziazima.

Usalama wenyewe hauna maneno mengi, ila usiruke hata neno moja. Chuma kirefu kikiwa juu ya stendi, usitoe sahani zote, yaani vile vyuma vya duara vya uzito, za upande mmoja kabla ya mwingine. Upande uliobaki utakivuta na kitaruka kama mchi. Toa moja huku, moja kule. Kagua maungio ya benchi kabla hujalala, hasa pale fundi alipochomelea mguu, na litikise kwa mkono. Kidole gumba kizunguke chuma siku zote. Ukisukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi peke yako, usifunge vibano vya pembeni, ili ukikwama uweze kuinamisha upande mmoja sahani ziteleze zianguke. Kandambili usivae. Raba zenye soli ngumu na bapa zinatosha, na mitumba ya soko la Sabasaba ipo. Zile za kukimbilia zenye soli laini zinakuyumbisha ukichuchumaa. Mavazi ya kujisitiri hayazuii lolote: suruali ya traki, fulana ya mikono mirefu, hijabu iliyobanwa ndani ya fulana. Ninachokataza ni dera, kanga na mtandio unaoning'inia, kwa sababu hunaswa kati ya sahani na stendi.

Misuli itauma, hasa saa 24 mpaka 72 baada ya siku ya kwanza, na kushuka ngazi kutakuwa kazi. Ni kawaida, na wiki ya tatu hali hiyo itakuwa imepungua sana. Maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, au uvimbe, hayo si ya kawaida. Acha zoezi hilo. Na ukiona mkojo umekuwa wa rangi nzito kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu watu, usiwaweke wote kapu moja, kwa sababu dawa zao ni tofauti.

Yupo anayetoa ushauri ambao hukuuomba. Wengi wa hawa hawana ubaya. Wamezoea kuelekezana wao kwa wao kwa kelele, na mgeni yeyote huvamiwa. Usibishane naye juu ya zoezi, kwa sababu ukibishana dakika zako mbili zinakwisha. Sema, "Asante kaka, nina programu yangu," kisha geukia daftari uandike kitu. Kuandika kunafunga mazungumzo bila kumvunjia heshima mtu. Wakati mwingine ushauri wake utakuwa wa kweli. Uandike, ukaupime nyumbani.

Yupo anayekaa kwenye kifaa, au anayeona ukiwa kwenye benchi basi umepotea njia. Hapa lugha ya jimu ni moja kwa wote: "Umebakiza seti ngapi?" au "Tupokezane." Kupokezana ni haki ya kila aliyelipa. Anapopumzika yeye, unafanya wewe, mnabadilisha sahani, mnaendelea. Uliza ukiwa umesimama karibu na kifaa, kwa sauti ya kawaida, wala usianze na samahani. Ukijibiwa "subiri," uliza dakika ngapi. Na wewe ukimaliza, futa benchi na urudishe vyuma mahali pake, maana hilo ndilo linalokujengea jina jimu haraka kuliko kilo ulizonyanyua.

Yupo anayecheka. Kicheko cha wiki ya kwanza kiache kipite. Ila chagua mahali pa kusimama: usifanye mazoezi ukiwa umezipa mgongo njia na stendi za watu. Tafuta kona ambayo nyuma yako kuna ukuta na mbele unaona mlango. Kwa zoezi la kuinama hili linasaidia sana, na mwanamke yeyote aliyewahi kulifanya kwenye jimu iliyojaa anajua kwa nini.

Halafu yupo huyo anayekushika kiuno. Huyo simwiti mshauri. Hakuna zoezi linalohitaji mtu akushike bila kukuuliza. Kosa lolote la mgongo linaelezeka kwa maneno au kwa kuonyeshwa. Weka chuma chini kwanza, usijibu ukiwa na mzigo mkononi. Mgeukie, umtazame, useme kwa sauti ambayo wa jirani wanaisikia: "Usinishike. Ukitaka kuniambia kitu, niambie kwa mdomo." Usicheke unaposema, na usiongeze maelezo. Najua tumelelewa kulainisha neno na kuogopa kuitwa mwenye dharau, lakini hapa ulaini ndio anaoutegemea. Wengi huacha hapo. Akirudia hata mara moja, usimrudie yeye tena. Nenda kwa mwenye jimu, si kwa mwalimu, ukiwa na tarehe na saa ulizoandika nyuma ya daftari, umwambie unataka aonywe au aondolewe. Chukua na wale wanawake wawili wengine. Kuna uwezekano mkubwa ameshawafanyia wao pia. Mwenye jimu akijibu kwamba "huyo ni utani wake tu," umeshajua aina ya mahali ulipo. Udai salio la fedha yako na uhame.

Ujue pia kwamba jambo hili halikomei kwenye adabu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 138D kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inautaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto linalopokea malalamiko haya. Mtu akikurekodi kwa simu ukiwa kwenye zoezi, mwambie afute mbele yako. Akikataa, njia ni hiyo hiyo, kwa mwenye jimu kwanza, kisha dawatini.

Amebaki mwalimu. Huyu mpe nafasi, kwa sababu wengi wao wamefundishwa na wanaume waliowatangulia jimu na hawajawahi kumwandalia mwanamke mpango. Mwendee asubuhi au saa ambayo hakuna watu, umwombe kitu kinachopimika: "Mwalimu, nataka kujifunza kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga, kuvuta na kusukuma. Nionyeshe moja leo, halafu nitazame nikirudia mara tano." Akikuonyesha vizuri, umempata. Akisema wanawake hawana haja na hayo, mwambie kwamba wanawake wananyanyua vyuma kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, kisha endelea na daftari lako bila kumsubiri. Mazoezi niliyokuandikia yamechaguliwa makusudi ili uweze kuyafanya bila msimamizi.

Ukilazimika kutafuta jimu nyingine, nenda kuitazama saa ile ile utakayokuwa unafanya mazoezi, siyo saa nne asubuhi palipo kimya. Angalia kama mlango wa chumba cha kubadilishia nguo una komeo kwa ndani, kama kuna dambeli kati ya kilo 4 na 12, na kama kuna mwanamke hata mmoja upande wa vyuma. Lipa mwezi mmoja. Punguzo la mwaka lisikutamanishe.

Saa nazo zina uzito wake hapa Dodoma. Jimu iliyoezekwa bati bila dari, Oktoba na Novemba, saa kumi jioni ni tanuri. Nenda saa 12 asubuhi au baada ya jua kuzama, ukiwa na usafiri wa kurudi unaoujua. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo usisubiri kiu: nusu lita ya maji saa moja au mbili kabla, na chupa nyingine mkononi. Asubuhi za Juni na Julai baridi ni kali, ongeza dakika tano za kupasha mwili. Na tafadhali usijifunge nailoni tumboni. Kinachotoka ni maji, yanarudi ukinywa glasi mbili. Mafuta ya tumbo hayayeyuki kwa joto la nje, wala kwa sit-apu mia mbili. Yanapungua mwili mzima unapokula pungufu kidogo ya unachotumia, na hakuna zoezi linalochagua yatoke wapi.

Usile pungufu sana, hata hivyo, na protini usiipunguze. Kwa kilo zako 65, lenga gramu 80 hadi 100 kwa siku. Si lazima unga wa kopo. Mayai mawili asubuhi ni gramu 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa karibu 15, gao dogo la karanga 7, dagaa wakavu gramu 30 wanatoa 15 au zaidi, kipande cha kuku au nyama cha gramu 100 kinatoa 25. Ongeza ugali wa uwele au mtama, umefika. Mlenda ni mboga nzuri ila hauna protini ya kutegemea. Karanga ulizoutilia ndizo zinazokupa. Chai isogeze mbali na mlo, saa moja hivi, maana inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga kuingia mwilini. Ukiona unachoka kupita kiasi, unahema kwa kupanda ngazi chache na hedhi yako ni nzito, pima wingi wa damu kabla ya kulaumu mazoezi. Mizani huenda ikapanda kilo moja wiki za mwanzo kwa sababu misuli inatunza maji. Pima kiuno na paja kwa futi ya fundi cherehani kila baada ya wiki nne, asubuhi, kabla ya kula.

Siku za hedhi fanya kama kawaida ukijisikia vizuri, punguza usipojisikia. Ukipata ujauzito, daktari aujue mpango wako mapema.

Wiki ya 12 angalia daftari. Ukiwa unachuchumaa na dambeli ya kilo 16 mara kumi kwa seti tatu, na pushapu zimeshuka kutoka benchi mpaka sakafuni angalau tano, umeiva kwa chuma kirefu. Zoezi la kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi anza nalo kwa chuma kitupu, bila sahani, baada ya kukipima kwenye mizani. Siku hiyo mwite mwalimu asimame upande wa kichwa chako, viganja vyake viwe chini ya chuma bila kukigusa, na mwambie kabla hujalala: akishike chuma kikianza kurudi chini kabla hujamaliza kukinyoosha, na mwili wako asiuguse.